Kwotabeki Mpya wa Korongo

Sehemu ya Nne

Tuliachana nikiwa nimesimama mlangoni, mkono kwenye komeo, na Kocha Dale Reisig yuko nje ananisihi nimpe mwanangu.

Kwa aliyepitwa, nieleze kwa ufupi. Mimi ni Noreen. Nilimkimbia mume wangu, Garrett Strickler, kule Missouri, nikaja kujificha na mwanangu Tobin katika mji mdogo wa Ostler, magharibi ya Nebraska, kwenye mashamba ya viazisukari. Tukaacha jina la Strickler, tukajiita Voss. Nikapata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuna aliyetujua, na nilitaka ibaki hivyohivyo.

Kilichotuponza ni mpira, ule wa Kimarekani, wa kurusha kwa mikono.

Timu ya shule ya Ostler, Korongo, ilikuwa haijashinda mechi tangu mwaka juzi. Halafu kwotabeki wao akavunjika mfupa wa bega. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila mchezo unapoanza, na ndiye anayeamua amtupie nani. Bila yeye, wale wengine ni vijana waliovaa helmeti tu.

Kocha alitafuta mpaka akachoka. Alimjaribu mtoto wa mchungaji, akakuta anafumba macho kila anapotupa. Akamjaribu mtoto wa fundi wa matrekta, mwenye viganja kama sepetu, mpira ukaishia juu ya paa la choo. Akaomba nafasi ya kutangaza kanisani, watu wakacheka.

Siku moja alikuwa anaendesha gari nyuma ya lori la viazisukari, amekata tamaa, alipoona viazi vinaruka mbele ya kioo chake, kimoja baada ya kingine, na kutua juu ya lori lililokuwa linakwenda.

Aliyekuwa akiviokota ng'ambo ya barabara na kuvirusha alikuwa Tobin.

"Fungua basi, Mama Tobin," Kocha alisema. "Siumi."

"Nimeshasema hapana."

"Nimeizunguka kaunti yote. Mkono kama ule sijauona tangu nianze kazi hii."

"Mkono ule ni wa kubebea viazi."

"Mwenyewe ameniambia anataka kucheza."

"Ana miaka kumi na saba, Kocha. Anataka na pikipiki pia."

Alicheka. Kisha akauliza taratibu, "Unaogopa ataumia?"

Kuumia lilikuwa jambo la pili katika niliyokuwa nikiyaogopa.

Nyuma yangu Tobin alikuwa amesimama. Uso wake ndio ulionishinda. Nilikuwa nimemnyima shule zake, marafiki zake, hata jina lake. Nikafungua mlango.

"Kwa masharti," nilimwambia Kocha. "Asipigwe picha. Jina lake lisiandikwe gazetini. Na lisitangazwe kwenye vipaza sauti."

Kocha alinitazama sana. Hakuuliza sababu.

"Mgongoni atavaa saba," alisema. "Basi tutamwita Namba Saba."

* * *

Mechi ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

Tobin alitupa mpira mbali, alitupa kwa nguvu, lakini aliwatupia wapinzani. Mara ya kwanza watu waliguna. Mara ya tatu wakaanza kuzomea.

"Mrudisheni kwenye viazi!" mzee mmoja alipiga kelele nyuma yangu. "Kule lori lilikuwa halimkabi!"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ataacha.

Alirudi nyumbani akaketi jikoni na soksi zake za matope.

"Siwasomi, Mama. Naona mtu yuko wazi, nikitupa nakuta wenzao watatu wamemzunguka. Sijui wanatokea wapi."

"Basi acha, mwanangu."

"Siachi."

Wiki iliyofuata walishinda.

Wakashinda tena. Na tena. Tobin alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anawatazama wapinzani kama anasoma bango, anawapigia wenzake kelele wasogee huku, wasogee kule, halafu mpira unakwenda mahali ambapo hakuna mtu, na mtu anatokea na kuudaka.

Mji ukatupenda. Verna, mke wa Kocha, alituletea mikate yake ya kabichi na nyama, ingali moto. Wazee niliokuwa nawafulia walinisubiri kwenye korido na viti vyao vya magurudumu.

"Leo Namba Saba amekula nini?" waliniuliza.

"Mayai."

"Mwongeze!"

Nilicheka. Tangu tufike Ostler nilikuwa nalala nimesukumia meza mlangoni. Wiki ile niliiacha meza mahali pake jikoni.

Nilijisahau, ndugu zangu.

* * *

Alhamisi Kocha alikuja kazini kwangu, chumba cha kufulia. Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Nimekuja kukushukuru. Lakini nina ugomvi na wewe kidogo, dada."

"Ugomvi gani tena?"

"Una ndugu fundi wa mpira namna ile, unanificha!"

Nilidhani ananitania. "Ndugu gani?"

"Kaka yako! Yule anayemfundisha Tobin kwa simu. Tobin aliniunganisha naye jana. Mtu mpole sana. Nikamtumia video ya mazoezi, palepale akaona kosa la mguu wa kushoto ambalo mimi sijaliona mwezi mzima. Na kesho anakuja kuangalia mechi."

Shuka lilinidondoka mkononi.

"Kocha," nilisema, "mimi sina kaka."

Mashine zilikuwa zinanguruma. Alidhani hakunisikia vizuri, akasogea.

"Sina kaka. Nilizaliwa peke yangu. Huyo uliyeongea naye alikuuliza nini?"

"Aliuliza ulinzi wa wapinzani wetu ukoje. Aliuliza..." Tabasamu lilikuwa linamtoka kidogo kidogo. "Aliuliza unakaa wapi. Alisema anataka kukushtukiza."

"Ukamwambia?"

Kocha alivua kofia yake.

"Nilimwambia nyumba ya bluu, nyuma ya tangi la maji."

Nilikaa juu ya rundo la mashuka machafu. Nikamweleza yote pale pale. Garrett ni nani. Kwamba alikuwa kocha wa makwotabeki huko Missouri, na kwamba Tobin alishikishwa mpira kabla hajajua kufunga viatu. Kwamba mahakama ilimkataza kunisogelea, na bado alinifuata mpaka kazini, mpaka kwa dada wa mama yangu, mpaka kanisani. Kwamba mara ya mwisho alinisukuma ngazini nikalazwa na mbavu zimevunjika.

Kocha alikuwa mweupe kama mashuka.

"Mungu wangu. Na nilimsifu mtoto kwake nusu saa nzima."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nakimbia.

* * *

Nilitupa nguo zetu kwenye gari na kwenda kumsubiri Tobin langoni mwa shule.

"Ingia."

"Tunaenda wapi?"

"Ingia kwanza."

Aliona mifuko kiti cha nyuma. Akabaki ameushika mlango wa gari.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

Hakukana hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko yote.

"Ulimpataje, Tobin?"

"Namba yake sijawahi kuisahau." Alikuwa anatazama chini. "Mama, uwanja mzima ulikuwa unanizomea. Mkono huu amenifundisha yeye. Ulitaka nimuulize nani?"

"Ungemuuliza Kocha!"

"Kocha ni mwalimu wa hesabu! Ni mtu mzuri, lakini anafundisha mpira kwa sababu hakuna mwingine." Alinitazama usoni. "Baba amebadilika. Ameacha pombe."

"Siku aliyonisukuma ngazini alikuwa hajanywa hata soda."

Alikwangua rangi ya mlango kwa ukucha.

"Alilia kwenye simu, Mama."

"Hulia. Kila akimaliza, hulia."

Wanafunzi walikuwa wanapita wakimpiga mgongoni. "Kesho, Namba Saba! Kesho tunawala!" Aliwapungia mkono bila kuwatazama.

"Mimi siingii," alisema hatimaye. "Kila nikizoea mahali unaniambia ingia kwenye gari. Ukitaka kuondoka, ondoka. Mimi kesho nacheza."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumpigia magoti. Kabla sijafanya lolote, gari la Kocha lilikuja likasimama mbele ya langu, na nyuma yake gari la askari wa kaunti, bwana Quade, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu.

"Usikimbie, dada," Kocha alisema dirishani. "Huko barabarani mtakuwa wawili. Hapa tuko mji mzima. Leo mtalala kwangu. Kesho getini nitaweka watu."

"Tuambie tu anafananaje," Quade alisema.

Nikawaambia. Mrefu. Ndevu nyekundu. Anachechemea mguu wa kulia.

Nikabaki. Ningekuwa najua Mungu anaandika nini kwa ajili ya kesho yake, ningemfunga Tobin kamba nikamtia kwenye buti la gari.

* * *

Ijumaa tulicheza na Redfork. Mechi zetu huchezwa mchana kweupe kwa sababu taa za uwanja ziliharibika na hazijatengenezwa.

Getini walisimama wakulima sita na Quade. Kila mwanamume mrefu aliyepita walimtazama kidevuni, kisha miguuni. Mimi niliwekwa na Verna kwenye kibanda cha kuuzia mikate, ili nione bila kuonekana.

"Umekunja hizo leso mara nne," Verna alisema. "Hajaja, mama. Angekuja tungemjua."

Tobin alicheza vizuri kuliko siku zote. Ilikuwa inanitisha kumwangalia. Nilikuwa naiona mikono ya Garrett katika mikono yake, ile namna ya kuupigapiga mpira kabla ya kuutupa.

Tulikuwa tunaongoza. Dakika za mwisho Tobin alirudi nyuma, akainua mkono, akatafuta mtu. Upande wake wa kushoto hakuona kinachokuja. Kijana wa Redfork, mkubwa kama jokofu, alimpiga akiwa hewani. Kichwa kikatangulia chini.

Mpira uliviringika peke yake. Tobin hakuinuka.

Watu wote uwanjani walisimama.

Sikumbuki nilitokaje kibandani. Nakumbuka nakimbia kwenye nyasi, na Verna nyuma yangu analiita jina langu. Na nakumbuka kuona, upande wa pili, kwenye viti vya mashabiki wa Redfork, mtu ameruka uzio, naye anakimbia.

Alivaa jaketi ya Redfork na kofia ya Redfork. Kidevu kilikuwa kimenyolewa, hakina hata unywele. Walinzi wetu walikuwa langoni kwetu. Yeye alikuwa ameingia na wageni, kwa lango la wageni.

Lakini alikuwa anachechemea.

Alifika kabla yangu. Nilipofika alikuwa amepiga magoti, mkono wake umeshika shingo ya mwanangu.

"Usitikisike, mwanangu," alikuwa anasema kwa sauti tamu. "Baba yuko hapa. Usitikisike."

"Mtoeni!" nilipiga kelele. "Mtoeni huyo, ndiye yeye!"

Wale wa gari la wagonjwa walikuwa wameshafika na machela. Mmoja, kijana mgeni kutoka mji wa jirani, alinizuia kwa mkono.

"Tulia, mama. Wewe ni nani?"

"Mama yake!"

"Na huyu?"

"Baba yake," Garrett alijibu, hana haraka. "Mtoto anaitwa Tobin Strickler. Strickler, siyo Voss. Muulizeni mama yake kwa nini anawadanganya."

Watu walionizunguka, watu walioleta mikate kwangu, walinigeukia. Nikaona macho yao yanauliza.

"Ana amri ya mahakama!" Niliongea bila mpango. "Amekatazwa! Quade yuko wapi? Quade!"

Quade alikuwa anakuja kutoka langoni, anahema, tumbo linaruka.

"Karatasi ya mahakama unayo, Mama Tobin?"

"Iko nyumbani."

"Bila kuiona siwezi..."

Yule wa gari la wagonjwa alikuwa ameinama kwa Tobin. "Kijana, unanisikia? Nafasi ni ya mtu mmoja. Nani aende na wewe?"

Tobin alifungua macho. Alinitazama mimi. Akamtazama baba yake.

"Baba," alisema.

Waliinua machela. Garrett alipita karibu nami, karibu sana, nikasikia ile sabuni anayotumia.

"Nyumba ya bluu imekupendeza," alininong'oneza.

Mlango ukafungwa.

* * *

Quade alinikimbiza nyumbani kuchukua ile karatasi. "Dakika mbili tu," alisema, "halafu tunawafuata na king'ora."

Mlango wa nyumba ulikuwa umevunjwa.

Ndani hakikuibwa kitu. Televisheni ilikuwepo. Redio ilikuwepo. Lakini droo ya chumbani kwangu ilikuwa imetolewa, imewekwa kitandani vizuri, na haina kitu ndani. Karatasi ya mahakama haikuwepo. Alikuwa amekuja wakati tumelala kwa Kocha, au asubuhi wakati kila mtu anamsubiri getini.

Quade alipiga simu Missouri. Ijumaa jioni. Akaambiwa subiri. Akasubiri. Akaunganishwa na mtu mwingine, naye akamwambia subiri.

"Twende!" nilimlilia. "Utaongea njiani!"

Tulipofika hospitali jua lilikuwa linazama. Kocha alikuwa ametutangulia, bado na filimbi yake shingoni. Nilipoona anavyosimama nilijua.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekunjwa mbele.

"Daktari alisema kijana asitoke," alisema. "Alitaka tupige picha ya kichwa. Alisema anaweza kuwa anavuja damu ndani, lazima atazamwe usiku kucha. Baba yake akasema sawa, akaomba maji ya kunywa. Nikaenda kuchukua maji."

"Halafu?"

"Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu, mama. Walipitia mlango wa jikoni."

Nilimgeukia Quade.

Ndipo simu yangu ikalia. Jina la Tobin.

"Mama?" Alikuwa ananong'ona.

"Uko wapi? Tobin, uko wapi?"

"Kituo cha mafuta. Sijui kipi. Baba yuko ndani analipa. Mama, kichwa kinaniuma vibaya. Naona vitu viwili viwili. Nimetapika. Nimemwambia turudi kwa daktari, akaniambia wanaume hawatapiki kwa kugongwa kidogo." Alikuwa analia sasa, mtoto wangu, ambaye hakulia hata tulipokimbia. "Nimekosea, Mama."

"Hujakosea kitu. Toka garini. Ingia popote penye watu, mwambie mtu yeyote..."

"Miguu hainishiki. Mama, haendi Missouri. Anasema kwanza tunarudi kwa ajili yako. Anasema..."

Nilisikia mlango wa gari unafunguliwa.

"Unaongea na nani?" Sauti ile.

"Na Kocha," Tobin alisema.

"Kocha? Vizuri. Nipe nimsalimie."

Nilimsukumia Kocha simu. Aliiweka sauti ya juu ili tusikie sote. Quade alisogea, akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha.

"Kocha Dale," Garrett alisema, taratibu kama mtu anayepiga simu kuulizia hali ya hewa. "Pole kwa leo. Mlikuwa mnashinda. Mke wangu yuko hapo na wewe?"

Kocha alinitazama. Mtu yule hajui kusema uongo. Ukimuuliza kama chakula cha mkewe kina chumvi nyingi, anakuwa mwekundu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Hayupo," alisema. "Hana habari kama mmeondoka. Quade amempeleka kwenye nyumba ya bluu apumzike. Yuko huko peke yake."

Nilisikia mwanangu anapumua, pumzi fupi fupi.

"Wewe ni mtu mwema, Dale," Garrett alisema. "Usimpigie. Nataka kumshtukiza."

Simu ikakatika.

Muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Kocha alinirudishia simu bila kuinua macho. "Nisamehe, dada. Sikujua niseme nini kingine cha kumrudisha huyo mtoto karibu."

Quade alikuwa ameshatoa funguo za gari, anaongea na redio yake, anaomba watu, na redio inamjibu kwamba wa karibu yuko mwendo wa saa nzima.

"Mama Tobin," aliniambia, "wewe utabaki hapa. Mimi nitamsubiri ndani ya nyumba yako."

"Akikuta taa imewaka na sauti yangu haipo, atashuka garini?"

Quade alizungusha funguo kidoleni.

"Ataondoka na mtoto," nilisema, "na mtoto anavuja damu kichwani."

Nikavaa koti langu, nikatangulia kwenye gari.